Nimejichapishia riwaya mwenyewe. Je, bado naweza kupata wakala?

SWALI

Habari za kazi, kaka. Miaka miwili iliyopita nilichapisha mwenyewe riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa Kiingereza, kupitia huduma ya Amazon. Hadi leo nimeuza nakala 412, na nyingine kama 3,000 zilipakuliwa siku nilizoitoa bure. Waliosoma wameisifu. Sasa natafuta wakala wa fasihi anifikishe kwa mchapishaji mkubwa wa Marekani au Uingereza. Rafiki yangu mmoja ananishauri niiondoe sokoni, niibadilishe jina, kisha niitume kama mswada mpya. Mwingine anasema nitume sehemu ya pili, ambayo nimeiandika nusu. Na juzi nimepata barua pepe ya mtu anayesema ni wakala, ameipenda riwaya na kuna mchapishaji anaisubiri, ila nilipie kwanza ada ya kuisajili upya. Nifuate njia ipi?

JIBU

Dada yangu, ahsante kwa kuuliza kabla hujatoa pesa. Nianze na hiyo barua pepe kwa sababu ndiyo yenye haraka: usimlipe mtu huyo hata senti moja, usisaini chochote, wala usimtumie nakala ya kitambulisho chako.

Wakala wa kweli hula baada ya mwandishi kula. Kamisheni yake ni asilimia 15 ya fedha atakazokupatia katika soko lake la nyumbani, na kwa kawaida asilimia 20 kwenye mikataba ya tafsiri na ya nchi nyingine, kwa sababu huko hugawana na wakala mwenzake. Asipouza, hapati kitu. Chama cha mawakala wa Marekani, Association of American Literary Agents, kinawakataza wanachama wake kutoza ada ya kusoma miswada. Na hiyo “ada ya kusajili upya” haipo popote katika kazi hii. Hakimiliki ya riwaya ni yako tangu ulipoiandika, na hakuna mchapishaji anayehitaji kitabu kisajiliwe upya ndipo akipokee.

Watu hawa huwalenga hasa waliojichapishia. Majina yenu yako wazi, na wanajua mnavyotamani kusikia kwamba kuna mtu amesoma na amependa. Wengine huazima jina la wakala aliye hai na anayeheshimika, wakabadilisha herufi moja tu katika anwani ya barua pepe. Mapema mwaka 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani huko San Diego walitangaza mashtaka dhidi ya watu wanaodaiwa kuwalaghai waandishi zaidi ya 800 jumla ya dola milioni 44, kwa ahadi kama hiyo uliyopewa wewe: mchapishaji au mtengeneza filamu anakisubiri kitabu, bado malipo kidogo tu. Ukitaka kuhakikisha, usijibu barua hiyo. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni anayodai kuifanyia kazi, chukua anwani iliyoandikwa hapo, uwaulize wao. Pia kuna Writer Beware, huduma ya bure iliyo chini ya chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia cha Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifichua mbinu za ulaghai wa namna hii. Tafuta humo maneno uliyoandikiwa, na usishangae ukiyakuta yalivyo.

Sasa turudi kwenye swali lako lenyewe.

Wengi wanaoniandikia huwa na hofu kwamba kujichapishia kumewatia doa, na kwamba wakala akijua atafunga mlango. Zamani kidogo hofu hiyo ilikuwa na msingi. Leo sivyo. Wakala haoni aibu juu yako. Anajiuliza jambo moja la biashara: mwandishi huyu ana haki gani ambazo bado hazijauzwa? Kazi ya wakala ni kuuza haki, na haki yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mchapishaji ni ile ya kuwa wa kwanza kukitoa kitabu. Ndiyo inayompa nafasi ya kukitambulisha kitabu kipya kwa wenye maduka, wahakiki na maktaba, mara nyingi miezi mingi kabla ya siku ya kutoka. Riwaya yako imeshatoka. Siku ulipobonyeza kitufe cha kuichapisha, hiyo haki ya kwanza uliitumia mwenyewe. Hukukosea, ilikuwa yako kuitumia. Lakini haiwezi kutumika mara ya pili.

Ndiyo maana ushauri wa kuibadilisha jina hautakusaidia. Kitabu cha jalada laini kikishaorodheshwa Amazon, ukurasa wake hubaki hata ukikisitisha, kwa kuwa huenda kuna mtu anayeuza nakala iliyotumika. Namba ya ISBN haifutiki. Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, nayo huhifadhi kumbukumbu ya kitabu na maoni ya waliosoma. Wapo wachapishaji wanaotazama mauzo ya nakala za karatasi kwenye BookScan, yaani takwimu za mauzo ya vitabu, kabla ya kuamua. Wakala makini atatafuta jina lako mtandaoni kabla hajakupigia simu, na sentensi moja ya riwaya yako ikiingizwa kwenye mtambo wa kutafutia yatosha kuirudisha ilikotoka. Tuseme hata hilo limepita. Mkataba wa uchapishaji huwa na kifungu ambacho mwandishi anathibitisha kwamba kazi ni yake na haijawahi kuchapishwa, na hapo utakuwa unatia saini jambo ambalo si kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na katika biashara hii inayoishi kwa kuaminiana, mwisho wake huja pamoja na madai ya kurudisha fedha.

Rafiki wa pili naye simlaumu, kwa sababu msomaji aliyependa sehemu ya kwanza ataitaka ya pili. Lakini mtazame mchapishaji. Akinunua sehemu ya pili, kila dola atakayoitumia kuitangaza itawapeleka watu kwanza kwenye sehemu ya kwanza, ambayo si yake. Na asiyeisoma ya kwanza, ya pili ataianzia wapi? Kwa hiyo sehemu ya pili ni yako na wasomaji wako 412. Imalizie kwa ajili yao ukitaka, uichapishe kama ulivyoichapisha ya kwanza. Kwa wakala peleka riwaya mpya isiyotegemea hii.

Najua utasema: mbona wako waliochukuliwa na wachapishaji wakubwa pamoja na vitabu vyao walivyojichapishia? Ni kweli wapo, na inafaa tuangalie walipitaje. Andy Weir, mwandishi wa The Martian, aliweka sura za riwaya yake bure kwenye tovuti yake, wasomaji wakamwomba aitoe kwa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ili waisome kwa urahisi, akaiweka kwa senti 99, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Ikapanda kwenye orodha za mauzo, ndipo wakala akamtafuta yeye, na mwaka 2014 ikatolewa na mchapishaji Crown. Hugh Howey alianza na hadithi fupi moja mwaka 2011, wasomaji wakadai iendelee, akaiendeleza hadi ikawa riwaya. Kwa msaada wa wakala wake, Kristin Nelson, akafunga mkataba na Simon & Schuster wa nakala za karatasi peke yake, huku haki za kitabu cha kielektroniki akibaki nazo yeye. Hao wawili hawakuhitaji barua ya kumshawishi mtu. Mahitaji yalikuwa yanaonekana tayari, na mchapishaji aliingia kwenye mto uliokuwa unatiririka.

Mkataba kama wa Howey ni nadra, lakini unaonyesha hesabu ambayo kila aliyejichapishia anapaswa kuifanya. Kitabu cha kielektroniki cha dola 4.99 kwenye Amazon hukupa asilimia 70, yaani karibu dola 3.49 kabla ya makato madogo ya upakuaji. Kwa mchapishaji, mrabaha wa kawaida wa kitabu cha kielektroniki ni asilimia 25 ya kile anachopokea yeye. Tuseme anapokea hizo 3.49: wewe unapata senti 87, na wakala akichukua asilimia 15 yake unabakiwa na senti 74. Hii haina maana kwamba mchapishaji anakupunja. Anakulipa malipo ya awali usiyoyarudisha hata kitabu kisipouzika, analipia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji wa madukani, na kwa nakala za karatasi anafika mahali ambapo wewe peke yako ni vigumu mno kufika. Lakini Howey alikuwa na mauzo makubwa ya kielektroniki, ndiyo maana hakukubali kuyaacha. Mwenye nakala 412 hana nguvu hiyo mezani, na hakuna wakala atakayeweza kumtengenezea.

Basi hizo 412 zina maana gani? Mimi nazihesabu kuwa watu 412 waliotoa fedha zao kwa mwandishi wasiyemjua, na hilo si dogo. Kwenye barua ya kuomba wakala, hata hivyo, haziongezi wala hazipunguzi kitu, basi ziache. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: kama si maelfu ya nakala zilizouzwa kwa bei kamili katika kipindi kifupi, usiifanye namba kuwa hoja yako. Zile 3,000 za bure usizitaje kabisa. Kila aliye ndani ya kazi hii anajua kwamba kupakua kitabu cha bure si kukisoma, na ukizijumlisha na 412 ili useme “zaidi ya 3,000” utakuwa umepoteza imani ya msomaji wako katika mstari wa kwanza. Wakala akikuuliza mauzo, mwambie idadi halisi bila kuomba radhi.

Kuhusu kuiondoa sokoni: si lazima. Ningekushauri uiondoe kama tu ukiisoma leo unaona wazi kwamba uandishi wako umeshaipita mbali, kwa sababu wakala atakayevutiwa na mswada mpya atafungua kurasa za mwanzo za hiyo ya zamani. Kama unajivunia, iache, ila sahihisha makosa ya uchapaji na ulitazame jalada upya. Angalia pia kama uliiweka kwenye KDP Select, mpango wa Amazon wa wanaojichapishia. Mpango huo unakufunga usiuze kitabu cha kielektroniki mahali pengine kwa siku 90, na hujirudia wenyewe usipouzima. Uzime ili mikono yako iwe huru. Amazon yenyewe haikunyang'anyi haki. Wenye matatizo makubwa zaidi ni wale waliolipa kampuni iwachapishie na kusaini mkataba bila kuusoma. Hao wapate kwanza barua inayosema haki zimerudi kwao.

Tufike sasa kwenye riwaya mpya. Imalize kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Wakala wa riwaya ya mwandishi anayeanza haangalii wazo, anaangalia mswada uliokamilika. Akiomba mswada wote na wewe una sura nane, nafasi hiyo imekwenda. Kwa riwaya ya watu wazima urefu unaokubalika kwa urahisi ni maneno kati ya 80,000 na 100,000. Fantasia huvumiliwa ikizidi kidogo. Tafuta wasomaji wawili watatu wasio ndugu zako, uiandike upya baada ya maoni yao, ndipo ushike barua.

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa nimesoma barua nyingi sana za watu waliojichapishia na nimeona zinavyoanguka mahali pamoja. Aya ya kwanza inasimulia safari ya kujichapishia. Ya pili inasema kutangaza kitabu kumemchosha mwandishi na ndiyo sababu anataka wakala. Ya tatu inanukuu sifa za wasomaji. Riwaya inayouzwa inaonekana mwishoni, kwa sentensi mbili, na moja kati ya hizo inasema itawagusa watu wote. Naisoma barua nzima nikiwa namhurumia mwandishi, nikifika mwisho sijui hadithi yake inahusu nini.

Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, maneno yapatayo 300, na sehemu kubwa iwe hadithi. Nani yumo ndani yake, anataka nini, nini kinamzuia, na atapoteza nini akishindwa? Usiuseme mwisho. Mwisho unakaa kwenye muhtasari, ambao ni waraka wa peke yake wa ukurasa mmoja au mbili, na humo usifiche chochote, hata siri iliyobeba riwaya nzima. Taja jina la kitabu, utanzu na idadi ya maneno. Taja vitabu viwili vya miaka ya karibuni ambavyo msomaji wake angependa pia kusoma chako. Halafu mstari mmoja au miwili juu yako, na humo ndimo riwaya ya kwanza inapokaa. Utaandika kwa Kiingereza, lakini maana iwe hii: “Miaka miwili iliyopita nilichapisha mwenyewe riwaya yangu ya kwanza. Ninayokuletea sasa ni kazi mpya inayojitegemea, na haijawahi kutolewa popote.” Inatosha. Umesema kweli, umeondoa hofu ya haki zilizotumika, na umeonyesha kuwa unajua kumaliza kitabu. Hilo la mwisho wakala huliona hata usipolisema.

Majina ya mawakala utayapata kwenye tovuti za QueryTracker na Publishers Marketplace, na kwa Uingereza kwenye kitabu cha kila mwaka cha Writers' & Artists' Yearbook. Njia ninayoipenda mimi ni kuchukua riwaya zinazofanana na yako na kusoma ukurasa wa shukrani, maana waandishi wengi humshukuru wakala wao kwa jina. Kisha soma maelekezo ya kila mmoja kwenye tovuti yake, kwa sababu yanatofautiana. Marekani mara nyingi huomba barua na kurasa tano hadi kumi za mwanzo. Uingereza wengi huomba muhtasari na sura tatu. Tuma alichoomba, katika namna aliyoiomba. Kuishi nje ya nchi hizo si kikwazo, kazi yote hii inafanyika kwa barua pepe.

Usiwatumie wote kwa siku moja. Tuma kwa sita au wanane, usubiri. Majibu huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi huwa hawajibu kabisa, ukimya wao ndio jibu. Kundi la kwanza lote lisipoomba hata mswada mmoja mzima, tatizo liko kwenye barua au kurasa za mwanzo, na bado una muda wa kurekebisha kabla ya kundi la pili. Wakiomba mswada mzima kisha wakakataa, barua yako ni nzima, kaa na riwaya. Kuwaandikia mawakala wengi kwa wakati mmoja ni jambo la kawaida, mradi wasiwe wawili ndani ya kampuni moja.

Akija mmoja akisema anataka kukuwakilisha, usikubali papo hapo hata moyo ukidunda. Waarifu wengine wenye mswada wako na uwape kama wiki mbili. Mwulize kazi gani ameuza karibuni, anataka ubadilishe nini katika riwaya, na mkivunja mkataba utahitaji kumpa notisi ya siku ngapi. Muhimu kwako kuliko kwa mwandishi mwingine: mwambie tangu simu ya kwanza kwamba una riwaya sokoni na sehemu yake ya pili njiani. Mkataba wenu useme wazi kama anawakilisha kazi mpya tu au pia haki zilizobaki za riwaya ya kwanza, kwa mfano tafsiri na filamu, ambazo bado hujazitumia na huenda zikawa na mnunuzi iwapo kitabu kipya kitafanya vizuri.

Jambo hilo hilo litarudi kwenye mkataba wa mchapishaji, na hapo usiache lipite. Kuna vifungu viwili vya kusoma taratibu. Kimoja humzuia mwandishi kutoa kazi nyingine inayoshindana na kitabu kilichonunuliwa. Kingine humpa mchapishaji haki ya kuwa wa kwanza kukiona kitabu chako kinachofuata. Vikiandikwa kwa upana, kimoja chaweza kukuzuia kuchapisha sehemu yako ya pili kwa mwaka mzima au zaidi, na kingine kikakulazimisha uipeleke kwa mtu asiyeitaka na kusubiri jibu lake. Mwombe wakala aitaje riwaya yako ya kwanza na mwendelezo wake kwa majina, ndani ya mkataba, kuwa ziko nje ya vifungu hivyo.